Uso Mpya Kabla ya Maulidi

Jumatatu, 2 Septemba

Nimeposa! Jana saa kumi alasiri, bila mshenga, bila kutetemeka. (Mguu wa kushoto ulitetemeka kidogo, lakini ulikuwa nyuma ya meza.) Nimemposa Zuhura, fundi cherehani, mjane, mwenye vyerehani vitatu na sauti inayoweza kunyamazisha mtaa wetu wote wa Kalangalala. Hakukataa. Hakukubali pia. Alisema atanipa jibu Maulidi ikipita, kwa sababu kuna jambo moja kuhusu mimi anataka kulipima kwanza.

Jambo moja! Nimerudi dukani, nimekaa katikati ya sururu, kamba na tochi ninazowauzia wachimbaji, nimewaza jambo hilo ni lipi. Tabia? Haiwezekani. Dini? Naswali. Nyumba? Ninayo, na bado chumba cha nyuma nimempangisha Klara wa maabara. Nikachukua kioo. Hapo nikaelewa.

Ni uso. Miaka kumi na tisa nimeshuka kwenye maduara ya Nyarugusu, mashimo yale ya dhahabu, na kila futi imeniachia mstari. Nina miaka hamsini na nne, ila paji langu lina sabini. Juzi mtu mwenye mvi nyingi kuliko mimi aliniamkia shikamoo. Nikaitika marahaba. Ningefanyaje?

Na ng'ambo ya barabara yupo Feisal! Tulisoma darasa moja Shinyanga, tukachapwa siku moja kwa kosa moja. Leo anauza vipodozi na uso wake ni laini kama yai lililomenywa. Kila Alhamisi anampelekea Zuhura sabuni ya kunukia, eti sampuli. Nimemuuliza, kwa mzaha tu, ngozi ile anaipataje. Akasema ni kujitunza, akanisogezea kopo la krimu. Nimekataa. Siwezi kununua ujana kwa Feisal.

Zimebaki siku kumi na nne.

Jumanne, 3 Septemba

Mungu hamtupi mja wake. Nimeona video kwenye simu.

Daktari wa nchi ya mbali, koti jeupe, meno meupe. Anasema mwili unajua kujitengeneza wenyewe, shida ni kwamba umesahau. Dawa yake ni kuukumbusha. Anamtoa mtu damu kidogo, anaizungusha kwa mashine kwa kasi kubwa, damu inajigawa: nyekundu chini, maji ya njano juu. Maji hayo yana vitu vinavyoiamsha ngozi. Anamrudishia mwenyewe usoni kwa sindano. Basi! Wakaonyesha mama mmoja kabla na baada. Kabla, alikuwa kama mimi. Baada, alikuwa kama binti yangu Amira.

Damu yangu mwenyewe! Hakuna kopo! Feisal hawezi kuniuzia mimi damu yangu.

Nimemsubiri Klara arudi kazini. Amenisikiliza hadi mwisho, ndipo akacheka hadi akakaa kwenye ndoo. Baadaye akatulia, akanieleza vizuri. Alisema jambo hilo lipo kweli, linafanyika kwenye hospitali kubwa, na daktari wa ngozi aliyesomea, kwa vifaa visivyo na hata chembe ya uchafu. Akasema linasaidia wengine kidogo, wengine haliwasaidii, na wataalamu wenyewe bado wanabishana. Akasema halimgeuzi mtu wa miaka hamsini na nne kuwa wa thelathini. Akasema yeye hawezi kulifanya, zahanati yao haiwezi, na mimi nisithubutu.

Kwa hiyo Klara amethibitisha kwamba inafanya kazi.

Jumatano, 4 Septemba

Leo uwanja wa soko kulikuwa na hema la wachangia damu. Bahati iliyoje! Nikajipanga mstarini. Sindano nimeivumilia kiume. Mfuko ulipojaa nikamwomba nesi anifungie kwenye gazeti, niondoke nao.

Akaniuliza kama nasikia kizunguzungu. Nikamjibu sisikii, nataka tu mfuko wangu. Akasema ule si wangu tena. Nikamuuliza imekuwaje wakati dakika mbili zilizopita ulikuwa mkononi mwangu, ndani ya mkono wenyewe. Watu wa mstarini wakaanza kucheka. Nesi akamwita mwenzake. Mwenzake akanilaza, akaninyanyua miguu juu, akanipa soda na biskuti kama mtoto. Nikaelezea kwamba ninaweza kuurudisha baada ya kuondoa yale maji ya njano, nyekundu watabaki nayo yote. Wakaninyanyua miguu zaidi.

Nimetoka na kadi yenye jina langu na shukrani za taifa. Uso uleule.

Njiani nimekutana na Zuhura. Akaona pamba mkononi, akauliza nimepatwa na nini. Nikasema nimetoka kuchangia damu. Akasimama. Akasema marehemu mumewe alipokuwa akiumwa walitafuta damu siku mbili, na watu waliokula nyumbani kwake kila Idi hawakuonekana. Akanishika mkono, pale penye pamba, akaenda zake.

Macho yalikuwa yamemlowa. Nadhani ni vumbi, leo upepo ulikuwa mkali. Siku nzima imepotea bure.

Ijumaa, 6 Septemba

Sijui nianzie wapi. Nianze na Donatus.

Donatus ana duka la dawa za mifugo hatua kumi kutoka kwangu, na amewahi kufanya kazi kwenye josho miaka mingi. Nikamwambia nahitaji kutolewa damu kidogo. Hakuuliza sababu. Ndiyo maana nampenda Donatus. Alifungua bomba jipya la sindano, akanipiga makofi mawili shingoni, akaniambia nisirushe teke. Nikamkumbusha kwamba mkono unatosha. Akasema samahani, ni mazoea.

Nikawa na damu yangu kwenye kichupa chenye kizibo. Kilichobaki ni kuizungusha. Mashine sina, ila kichwa ninacho! Nikaipindua baiskeli yangu uwanjani mbele ya duka, magurudumu juu. Nikakifunga kichupa kwenye spoku za gurudumu la nyuma kwa uzi wa nailoni. Nikashika pedali kwa mkono, nikaanza kuzungusha. Polepole. Kisha haraka. Kisha haraka sana. Gurudumu likaanza kuimba. Donatus akasema hajawahi kuona akili kama hiyo. Nikaongeza.

Uzi ukakatika.

Kichupa kikaruka barabara kama jiwe la manati. Wakati uleule, Feisal alikuwa anatoka dukani kwenda kuswali Ijumaa. Kanzu nyeupe. Nyeupe ya kuumiza macho. Kichupa kikampata kifuani, kizibo kikatoka, damu ikamwagika kuanzia kola hadi tumboni.

Feisal akajitazama. Akasema, kwa sauti ndogo sana, "Nimekufa." Akaanguka.

Mama mmoja muuza ndizi akapiga yowe kwamba Feisal kapigwa risasi. Watu wakalala chini. Dereva wa bodaboda akaiacha pikipiki ikiwa inanguruma, akakimbia. Wanaume wanne wakambeba Feisal, wakamvua kanzu, wakamtafuta jeraha mwili mzima mbele ya umma. Hawakuliona. Ikabidi nivuke barabara, nieleze kwamba damu ni yangu. Wakaniangalia, nikiwa mzima. Wakaniuliza imefikaje kwake. Nikasema kwa baiskeli.

Sala ya Ijumaa tuliifikia dakika ya mwisho, yeye kwa shati la kuazima. Baada ya sala wazee wa msikiti wamenihukumu: nimshonee kanzu mpya. Nimekubali, nimeomba radhi, tumepeana mikono. Mkono wa Feisal ni laini pia.

Jumamosi, 7 Septemba

Na kanzu zinashonwa wapi? Kwa Zuhura!

Nimekaa kwenye benchi lake saa nzima, nimeshikilia kitambaa nilichokinunua mwenyewe, nikimtazama akimpima Feisal. Mabega. Kifua. Shingo. Urefu wa mkono, wa kulia na wa kushoto, kama vile mikono ya mtu inatofautiana! Feisal akavuta pumzi, akajaza kifua. Zuhura akamwambia ashushe pumzi, anapima mtu, hapimi puto. Hilo lilinifariji kidogo.

Nikamwambia Zuhura kwamba nami nahitaji kanzu. Akasema vipimo vyangu anavijua kwa macho. Sijui kama hiyo ni heri au ni shari. Nimelifikiria njia nzima.

Jumatatu, 9 Septemba

Video nyingine! Damu haihitajiki!

Kuna kijigurudumu chenye sindano ndogondogo. Unakipitisha usoni, kinatoboa vijitundu visivyoonekana, ngozi inadhani imejeruhiwa, inaamka na kujijenga upya. Yaani unaidanganya. Nami kudanganya naweza.

Nimetengeneza changu. Nimechukua mti wa kusukumia chapati jikoni. Nimekata kandambili iliyochakaa, nimezungushia mpira wake. Pini nimenunua kwa Zuhura, pakiti tatu. Akauliza za nini. Nikasema za kubandikia matangazo dukani. Akauliza ni matangazo mangapi, kwa maana pakiti tatu zinatosha kubandikia mkoa mzima. Nikasema biashara imechangamka. Akanitazama kwa muda. Akaniongezea pakiti ya nne bure. Mwanamke mwema.

Nimepenyeza pini zote kwenye ule mpira, ncha nje. Kinapendeza. Kinafanana na nungunungu aliyelala. Nimekiosha kwa sabuni ya unga na ndimu.

Jumanne, 10 Septemba

Nimefanya. Asubuhi, baada ya chai, mlango nimefunga.

Yule daktari alisema mtu atasikia kama anatekenywa. Daktari yule ni mwongo. Shavu la kulia nilisikia nyota. La kushoto nilimwona marehemu babu yangu. Nilipofika kwenye paji nikapiga kelele, na Amira, ambaye yupo nyumbani likizo ya chuo, akaja kugonga mlango akiwa na mwiko, akiuliza mwizi yuko wapi. Nikajibu nimejikwaa. Akauliza nimejikwaa na nini hadi nilie dakika tano.

Kilichonichoma hasa ni ile ndimu. Ilikuwa bado kwenye pini.

Jioni uso unapwita. Unapwita maana yake unajijenga.

Jumatano, 11 Septemba

USHINDI!

Nimeamka, nimechukua kioo, nimemwona kijana. Hakuna mstari! Hata mmoja! Paji limenyooka, mashavu yamejaa, chini ya macho pamejaa, kila mahali pamejaa. Ngozi inang'aa kama jungu jipya. Ni kweli macho yamekuwa madogo kidogo, na mdomo haufungi vizuri, lakini vijana wengi wako hivyo.

Nimetembea mtaani polepole ili nionekane. Mbele ya duka la Feisal nimepita mara tatu. Ya tatu alitoka nje, akafungua mdomo, akarudi ndani.

Halafu akaja Maduhu. Maduhu ana duara lake Nyarugusu, ni mteja wangu wa miaka kumi, hununua kamba kwangu kila mwezi. Akanisalimia, "Mwangaluka," Kisukuma chake cha asubuhi, halafu akaniuliza kaka yangu Abdulshakur yuko wapi. Kaka yangu! Nikamwambia Abdulshakur ni mimi. Akazunguka nyuma yangu, akaangalia kisogo, akarudi mbele. Akasema kisogo ni cha Abdulshakur, ila huku mbele amekuja mtu mwingine.

Nikamweleza. Akanivuta pembeni. Anagombea uenyekiti wa kijiji, na wameshampiga picha ya kubandika ukutani, na mkewe ameitazama ile picha na kusema watu watadhani ni tangazo la msiba. Anataka uso kama wangu kabla picha haijachapishwa. Nimempangia Ijumaa, baada ya sala. Amesema wapo wenye maduara wengine, wote wazee, wote wana nyuso mbaya. Watakuja!

Nimeanza kufikiria jina la kliniki. "Ngozi Mpya Kalangalala." Au "Uso wa Dhahabu." Zuhura atakuwa mapokezi.

Alhamisi, 12 Septemba

Naandika kwa jicho moja. Lingine halifunguki.

Asubuhi uso ulikuwa mkubwa zaidi, nikadhani dawa inaendelea. Saa nne nikaanza kutetemeka kwa baridi, na nje jua lilikuwa kali la kukausha mihogo. Shavu la kulia lilikuwa moto kama pasi. Nikajaribu kusimama niende dukani, sakafu ikahama.

Amira ndiye aliyemkimbilia Klara. Klara akaja na tabibu wa zahanati yao. Wakanichoma sindano ya pepopunda, wakaniwekea dripu ya antibaotiki humuhumu chumbani. Tabibu akakiona kile kifaa mezani. Akakinyanyua kwa vidole viwili, akauliza hiki ni cha kuulia nini.

Klara hakucheka safari hii. Alisubiri tabibu aondoke. Akasema maambukizi ya usoni yako hatua chache kutoka kwenye ubongo, na kwamba kama ningelala na homa ile hadi kesho, asingekuwa anazungumza na mimi. Nikamwambia nimejifunza, na kwamba Maduhu nitamsafishia pini kwa maji ya moto. Imenitoka tu. Sikujua nimesema kwa sauti.

Akauliza, "Baba Amira, ulitaka kumchoma mtu mwingine kwa pini zilezile?"

Nikageukia dripu, nikahesabu matone.

Akasema, taratibu kabisa, kwamba yeye ndiye anayepima damu za watu wa mji huu, na anajua zimebeba nini. Kwamba pini moja ikitoka kwangu kwenda kwa Maduhu, na kwa Maduhu kwenda kwa mwenzake, inahamisha homa ya ini, inahamisha ukimwi, na hakuna hata mmoja ambaye angejua alikoupata. Akasema wangekufa watu, Baba Amira. Wangekufa huku wanakushukuru.

Akakichukua kifaa, akaenda kukichoma moto.

Amira alikaa mlangoni. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba ameshamzika mama, hayuko tayari kuzika tena kwa sababu ya makunyanzi. Akageukia ukutani ili nisimwone analia.

Niliona. Jicho moja linatosha kwa hilo.

Leo siandiki zaidi.

Jumamosi, 14 Septemba

Homa imeshuka. Uvimbe unashuka pia, na kila mstari unarudi mahali pake, mmoja mmoja, kama wapangaji waliotoka sikukuu.

Jana Maduhu alifika kwa ajili ya miadi. Nilikuwa nimelala, Amira akamruhusu achungulie. Akachungulia. Akasema ataacha picha ilivyo, na kijiji kikimkataa basi kimkatae kwa sura yake mwenyewe. Ameniachia kuku. Nimemwambia Amira ampelekee Maduhu salamu, na ujumbe kwamba kliniki imefungwa. Ujumbe ulikuwa mgumu kuutoa kuliko nilivyodhani.

Leo amekuja Feisal. Na kanzu mpya! Imemkaa vizuri, siwezi kusema uongo. Nikajifunika shuka hadi puani, nikajiandaa kuchekwa. Hakucheka. Akavuta kiti karibu, akaangalia mlango, akaniuliza kwa sauti ya chini kama lile jambo la damu ni la kweli.

Nikamuuliza yeye analihitaji la nini, na uso ule.

Akasogea dirishani kwenye mwanga. Sijawahi kumtazama Feisal kwa karibu namna hiyo. Ngozi ni nyembamba kama karatasi ya kufungia sambusa, mishipa inaonekana. Masikio meusi, vifundo vya vidole vyeusi, katikati kweupe. Akasema jua la saa sita linamchoma kama chumvi kwenye kidonda, ndiyo maana hatoki dukani hadi alasiri isipokuwa Ijumaa. Akasema akiacha krimu siku tatu uso unawasha na kupasuka, kwa hiyo haachi. Ana miaka minane hivyo. Na hawezi kumwambia mtu, kwa kuwa ndiye anayeiuza.

Nilifurahi. Kwa dakika tatu hivi nilifurahi sana. Halafu nikamwonea huruma, jambo ambalo limeniudhi mpaka sasa.

Nikamwita Klara. Akalisoma kopo lake, akasema limeandikwa vitu vichache mno kwa kazi linayoifanya, na krimu nyingine za namna hiyo hukutwa na zebaki. Feisal akauliza zebaki ndiyo nini. Nikamjibu mimi, maana hilo nalijua: ni yale madini ya majimaji tuliyokamatia dhahabu Nyarugusu. Miaka kumi na tisa nimeyafinyanga kwa mikono mitupu, nikashangaa kwa nini vidole vinatetemeka. Feisal akaliweka kopo chini kama mtu aliyeshika nyoka.

Klara atampeleka kwa daktari wa ngozi Mwanza. Feisal akaniaga, akasema pole. Nikasema pole nawe. Mlangoni akageuka, akasema siku ile ya Jumatano nilionekana kijana kweli. Alitaka kuja kuniuliza siri, ila aliona aibu.

Nilijua!

Jumatatu, 16 Septemba

Maulidi. Nimekwenda na kofia iliyoshuka hadi kwenye nyusi na miwani ya jua ya Amira. Ngozi inabanduka kwa magamba. Nikiitikia dua, magamba yanaanguka kwenye kanzu. Mzee aliyekaa pembeni yangu alidhani ni makombo ya mkate wa ufuta, akanipangusa kwa upole.

Zuhura alikuwa upande wa wanawake. Sikuthubutu kugeuka. Kesho ni kesho. Nimeshamaliza yote: amekataa. Mimi mwenyewe ningekataa.

Jumanne, 17 Septemba

Amekuja dukani saa tatu. Miwani nilikuwa nayo. Akasema nivue, hawezi kuzungumza na kioo. Nikavua. Akaniangalia, akaketi juu ya rundo la kamba.

Akasema lile jambo moja lilikuwa hili. Wanaume wawili wamemposa tangu awe mjane, na wote wawili walitaka auze vyerehani, akae ndani. Yeye vyerehani vile vimemlisha, vimemsitiri, na hawezi kuviacha kwa ajili ya mwanamume yeyote. Alikuwa akisubiri aone kama nami nitalileta neno hilo. Amesubiri wiki mbili.

"Basi leo nakuuliza mwenyewe, Abdulshakur. Unataka nivifunge?"

Ukweli ni kwamba sikuwahi kulifikiria. Hata kidogo. Nikamwambia kilichokuja kichwani: "Uvifunge uvipeleke wapi? Kwangu havienei, na kelele ile sitaiweza. Vibaki hukohuko."

Zuhura akacheka. Si kucheka kwa kawaida. Alicheka hadi kamba zikamtelezea. Akasema hilo ndilo jibu bovu kuliko yote aliyowahi kusikia, na ndilo alilokuwa analitaka.

Nikamwambia nilidhani ni uso.

"Uso umefanyaje?"

Nikamweleza. Yote. Mfuko wa damu, Donatus, baiskeli, pakiti nne. Akasikiliza bila kupepesa. Akasema alipouona uso ule Jumatano alidhani nimeshambuliwa na nyuki, akaona haya kuniuliza. Kisha akakumbuka ya mfuko wa damu, akauliza kama niliuchangia kwa sababu hiyo. Nikasema ndiyo. Nilidhani hapo ndipo atakapoondoka. Akasema haidhuru, yupo aliyeupata.

Amekubali! Kwa masharti mawili. La kwanza, niapishwe. Akanipeleka kwenye cherehani chake kikubwa, akaniwekesha mkono juu yake, akanitamkia maneno nami nikayafuata: kwamba sitagusa uso wangu wala uso wa mtu mwingine yeyote, kwa damu, kwa pini, wala kwa kitu chochote nilichokiona kwenye simu. Nimeapa kwa moyo wote. La pili, twende Buseresere kwa kaka yake Salehe, yeye ndiye anayemwoza, bila ridhaa yake hakuna ndoa.

Nimefuta video zote. Nimepumua. Mimi ni mtu mwingine.

Jumapili, 22 Septemba

Buseresere. Kaka Salehe ni mtu mzima, mkubwa, mpole, ila ametupokea akiwa amekunja uso, na mimi nikaona ndoa inaondoka. Nimemwamkia mara mbili kwa hofu. Tumekula wali na nyama ya mbuzi, amejibu kila kitu kwa "mh". Zuhura akaninong'oneza nisiogope, kaka hajanichukia, goti ndilo linamsumbua. Mwaka wa pili sasa. Hasujudu vizuri, analala kwa shida. Akasema ridhaa anaweza kuitoa hata leo, ila akiwa na maumivu hukataa kila kitu, mpaka chai.

Goti.

Baada ya chakula Salehe amenichukua nyuma ya nyumba kunionyesha biashara yake, akichechemea. Anakusanya maziwa ya wafugaji. Ndani ya banda kuna mashine ambayo sijawahi kuiona. Unamimina maziwa juu, unawasha, inazunguka kwa kasi kuliko kitu chochote nilichowahi kukisikia, inavuma kama ndege, na maziwa yanajigawa yenyewe: mafuta upande huu, maji upande ule. Haitikisiki! Haihitaji uzi! Nimemuuliza kama inaweza kugawa majimaji ya aina nyingine. Salehe akafikiri, akasema hajui, hajawahi kujaribu.

Nimekaa chini.

Yule daktari wa koti jeupe alisema jambo lingine kwenye ile video ya kwanza, mwishoni kabisa, ambalo wakati ule sikulitilia maanani kwa kuwa sikulihitaji. Alisema maji ya njano ya damu huwasaidia pia wenye magoti mabovu.

Nimeyapitia maneno ya kiapo, neno kwa neno, palepale bandani. Uso wangu. Uso wa mtu mwingine yeyote. Nimelitazama goti la shemeji kwa makini, mbele na pembeni. Halina macho. Halina pua. Goti si uso.

Nimemwambia ipo namna. Kwa mara ya kwanza leo Salehe ametabasamu. Ameniomba nirudi Jumatano, kabla maziwa ya asubuhi hayajafika, na ameniambia ndoa tuihesabu imepita.

Zuhura ameuliza tulikuwa tunazungumza nini muda wote ule. Nimemjibu maziwa. Nahitaji kumpata Donatus mapema.